Kwa Wifi Yako Haikwami

Mimi nina wivu. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu nawajua watu wetu: wakitaka kusimulia ya nyumbani kwao huanza na "mie sina neno na mtu", kisha hilo neno likaanza Alasiri likaisha adhana ya Isha. Mimi neno ninalo, na mtu ninaye. Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pekee.

Hana baya, na hapo ndipo anaponiudhi. Angekuwa mkorofi ningepata pa kumshikia. Lakini ni mpole, akicheka huweka mkono mdomoni, kazi yake ni mambo ya mitandao ya kompyuta katika ofisi kubwa ya mjini, na akirudi kazini haketi, anaingia jikoni. Biriani yake inashinda yangu. Nimelisema, basi, tuendelee.

Wanakaa Ansab, mtaa wa huku ughaibuni walikohamia wazee wetu kutoka Unguja, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, na mama yangu akikaa nao. Mimi na mume wangu tulijenga Amerat, ng'ambo ya milima, kwa sababu ndiko tulikopata kiwanja. Jamaa zetu ukiwatajia Amerat utadhani umewatajia mwisho wa dunia. "Loo, huko mbali! Na ile njia ya mlimani!" Njia yenyewe lami safi, mimi naipita kila siku asubuhi kwenda kusomesha, na sijaona jini.

Nilichokitaka ni kimoja tu: mama ahamie kwangu. Nyumba nilipoichora, chumba cha kwanza kukichora kilikuwa chake, chini, hana ngazi ya kupanda, choo chake mwenyewe, dirisha linatazama mlimani. Kila nikimwambia alinijibu inshallah, na inshallah ya mama ina sauti mbili: moja ya ndiyo, moja ya niache nipumzike. Mpaka Idi ilipopita akasema, "Haya, ntakuja mwezi. Nikizoea, ntakaa. Nisipozoea, kakako atakuja kunichukua." Wallahi siku ile nilipiga simu mpaka kwa watu ambao hatusemezani.

Nilipokwenda Ansab kumchukua sikumchukua peke yake. Nilichukua na kasha lake la harusi, lile kubwa la msaji lililopigwa njumu za shaba kutoka kifuniko mpaka miguuni, alilokuja nalo kutoka Unguja. Mama hakuuliza. Wifi alilipangusa vumbi kabla halijapakiwa, akaniambia, "Litapendeza ukumbini kwako, wifi." Na yeye huniita wifi, maana jina hili ni la pande zote mbili. Nikamjibu kwamba litapendeza ndiyo, na moyoni nikasema litapendeza kuliko kukaa kwako ukalipangia vitabu.

Basi mama akaja, nikampikia, nikamtandikia mashuka mapya, nikachoma udi. Baada ya Alasiri akavaa miwani, akaegemeza tableti kwenye mto, akamfungua mwanamke wake.

Huyo mwanamke wake ni mtu wa Unguja, simjui hata jina, anajirekodi akienda sokoni Darajani kununua vitu kisha anarudi nyumbani kupika. Basi, hakuna zaidi. Mama anamtazama kila siku na anamsemeza kana kwamba yule anasikia. "Usimchukue huyo, macho yake mekundu, samaki wa jana huyo!" "Nazi moja haitoshi, mwanangu, huo mchuzi au maji ya kunawia?" Ndiyo starehe yake, na mtu wa umri wake akipata starehe isiyomdhuru mwambie alhamdulillahi.

Siku ile ya kwanza yule mwanamke alinyanyua nazi aipasue, na mkono ukabaki juu. Duara likaanza kuzunguka katikati ya kioo. Likazunguka. Mama akangoja, mikono magotini. Video ikasogea kidogo, nazi ikashuka nusu, ikakwama tena.

"Kule kwa wifi yako haikwami," akasema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema vile mtu anavyosema leo kuna joto. Mimi lakini nyongo ilinipanda mpaka nikaisikia uchungu ulimini. Nikainuka, nikaenda kuizima ruta, kile kisanduku cha mtandao, na kuiwasha, nikarudi. Ikaenda, ikakwama. Nikainuka tena.

Na hivyo ndivyo mwezi wangu ulivyokwenda. Kila Alasiri mama na tableti yake, na mimi mbiombio ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikiwafokea watoto juu: nani anacheza gemu, zima! Nikimfokea mume wangu, mtu kajilaza anatazama mpira kwenye simu: bwana we, mpira na mama yangu kipi bora? Maskini akazima, na video ikakwama vilevile. Akaniambia ni milima. Nikamwambia asinitajie milima, maneno ya watu wa Ansab hayo. Nikawapigia simu watu wa mtandao, wakaniwekea huduma kubwa zaidi, wakapima, wakaniambia mpaka ukutani kwangu mambo safi kabisa. Sasa kama ukutani safi, kitandani kwa mama kuna nini?

Siku moja nikapita mlangoni kwake nimebeba nguo za kupiga pasi, nikamsikia anazungumza kwenye simu na mama mdogo, mdogo wake anayekaa Sibu. Sikukusudia kusikiliza, lakini masikio nayo yana mwenyewe?

"Alhamdulillahi, sina nlichokosa," mama alikuwa akisema. "Chumba kizuri, chakula kizuri, mwanangu ananitazama. Ila wifi tu, mdogo wangu. Bila ya wifi siku haiishi. Ansab wifi masaa yote, hapa nakaa nangoja, nangoja mpaka nachoka."

Nguo zilinidondoka. Mimi ninamwamkia, ninamwogesha miguu kwa maji ya vuguvugu, ninamtolea miba kwenye samaki, na ambaye bila yake siku haiishi ni mke wa kaka! Nikazikusanya nguo, nikajikaza kisabuni, nikasubiri akate simu, nikaingia.

"Mama, kama unamtaka wifi, sema. Nitakupeleka kwake sasa hivi. Funguo za gari hizi."

"Kwake nani?"

"Kwa wifi!"

Mama akashusha miwani puani akanitazama vizuri. "Wifi ana kwake?" Akainyanyua tableti akanionesha kwa kidole pale juu penye maandishi. "Hii hapa. Haya, soma weye mwalimu. Wi. Fi. Wifi. Mie nimesoma skuli Unguja, herufi nnazijua."

Nyumbani kwetu sote tunasema neti, na watoto wanasema waifai, na hakuna aliyewahi kumwambia mama kwamba herufi zile zinasomwa namna nyingine. Yeye kazisoma kama zilivyo, na kwa miaka yote hiyo akaona ni jambo la kawaida kwamba kitu kinacholeta habari mpaka chumbani kinaitwa wifi. Nilicheka mpaka nikaketi chini kwenye zulia.

"Kumbe ulidhani nnamsema mke wa kakako?"

"Ndiyo, mama."

"Aka! Huyo nnamkumbuka pia. Lakini huyo si ntampigia simu."

Kicheko kikanikauka. Akaendelea, huku akikunja kanga yake ya kusalia: mwezi unakwisha, alishamwambia kaka aje Ijumaa baada ya sala. Hakununa wala nini. "Nyumba yako nzuri, mwanangu. Lakini kule nshazoea."

Nikatoka chumbani nimevimba, na hesabu yangu ilikuwa hii: kinachomrudisha mama Ansab ni mashine. Mapenzi yangu hayana kasoro, upishi wangu unalika, kitanda kinalalika, mashine tu. Mashine ikitengenea, mama anabaki. Na katika ukoo wetu mzima anayezijua hizo mashine ni mtu mmoja.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilizunguka jikoni, nikafuta meza iliyokwisha futwa, ndipo nikapiga.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo, wifi. Za huko? Mama mzima?"

"Mzima. Neti ndiyo mgonjwa."

Alikuja Alhamisi kutoka kazini moja kwa moja, na mkononi kopo la visheti. Nani kamwambia alete visheti? Mama alisikia sauti yake tu, akatoka chumbani mwenyewe, bila fimbo, bila kuitwa, mwendo ambao mwezi mzima kwangu sikuuona. Wakakumbatiana. Mimi nikasimama na kopo la visheti.

Tukaingia jikoni, nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali: hivi kwa nini video inakwama? Nikatarajia aniletee maneno makubwa ya kikazi nimchukie vizuri. Hakuniletea.

"Wifi, video haiji nzima kama sinia ya wali," akasema. "Inakuja vipande vipande, kama chapati zinavyotoka jikoni. Tableti inaweka chapati kadhaa pembeni, akiba, ndiyo mama anaanza kula, na mpishi huku anaendelea kuchoma. Mpishi akiwa mwepesi, mlaji hajui kama kuna kungoja. Akichelewa, akiba ikaisha, mlaji anakaa mkono mtupu. Lile duara linalozunguka ndiyo huo mkono mtupu."

"Na mpishi anachelewa kwa nini?"

"Mengi. Pengine jiko lenyewe liko nchi ya mbali. Pengine jioni, mtaa mzima umerudi kazini na wote wanataka chapati kwa wakati mmoja. Pengine mlaji kaagiza chapati kubwa, yaani picha safi mno kwa kioo kidogo, na ukiipunguza inakwenda bila yeye kuona tofauti. Na pengine chapati zimetoka vizuri, lakini kati ya jiko na meza mtu kafunga milango." Akapangusa mikono. "Ruta iko wapi?"

 Nikamwambia ipo ukumbini. Akaenda ukumbini, akatazama nyuma ya televisheni, akatazama pembeni mwa makochi, akageuka. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasogea kwenye kasha la mama, nikainua kifuniko, na taa za kijani zikatumulika usoni.

Niliiweka humo siku moja kabla mama hajaja, na waya nikaupitisha kwa kitundu cha nyuma. Nyaya zinachukiza ukumbini, ndivyo nilivyomwambia. Na kweli zinachukiza. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilitaka kasha liwe na kazi, ili asitokee mtu akasema mbona umelichukua na hulitumii.

Wifi akaweka mkono mdomoni. Mabega yakamtikisika.

"Msaji unene huu," akasema alipoweza. "Na shaba yote hii! Mawimbi hayapendi chuma wala shaba, wifi. Hii umeizika ingali hai."

Nilitamani awe amekosea. Naapa, nilisimama pale nikiomba aihamishe na video ikatae, hata kama mama ataondoka, mradi huyu naye siku moja asijue. Akaitoa, akaipandisha juu ya kabati la vitabu karibu na mlango wa mama, akaenda akapunguza picha kwenye tableti. Yule mwanamke wa Unguja akapasua nazi yake, akakuna, akachuja tui la kwanza na la pili bila hata kupepesa.

"Alaa!" mama akasema. "Sasa kama ya Ansab."

Kama ya Ansab. Nikarudi jikoni kuosha vikombe visivyo vichafu. Wifi akanifuata kuaga, na mimi nikashindwa kuuzuia mdomo wangu.

"Hebu niambie, nyinyi kule mmeweka mtambo gani hata haikwami kabisa?"

Akashangaa. "Nani kasema haikwami? Kila jioni inakwama. Mtaa wetu umejaa watu, ikifika Magharibi huwezi hata kufungua picha. Mimi mwenyewe na kazi yangu hiyo imenishinda."

"Mama anasema kwako haikwami."

Akafikiri kidogo, mkoba begani. "Labda haoni. Ikikwama mimi humuuliza, hapo ni wapi, mama? Maana inakwama yule dada akiwa njiani, nyuma yake kuna mlango, kuna duka. Basi mama ananihadithia mpaka irudi. Mara nyingine inarudi inakwisha na yeye hajamaliza." Akacheka. "Kama ile ya marehemu baba na kengele ya baiskeli. Siku ile nililia kwa kucheka."

"Kengele gani?"

"Si ile ya Malindi, kule Unguja? Anapita chini ya dirisha la mama anaigonga, anazunguka anarudi anaigonga, mpaka babu, baba yake mama, akashuka akaifungua kengele kwenye baiskeli akaitia mfukoni. Hata posa ilipokuja, babu alisema jibu la kwanza, kengele hapewi." Akanitazama, kicheko kikapungua. "Si unaijua hiyo?"

Nikamwambia naijua. Siijui. Baba niliyemjua mimi alikuwa kanzu iliyopigwa pasi na maneno machache mezani, na akisikia honi mtaani hukunja uso. Alikufa kabla huyu hajaolewa kwetu, hawakuonana hata siku moja. Na huyu anamjua baba yangu akiwa kijana juu ya baiskeli, nami nasimama jikoni kwangu simjui! Wivu wa biriani si wivu. Wivu wa kasha ni mchezo wa watoto. Ule wa jikoni siku ile ndio wivu, nikafungua bomba la maji nipate cha kufanya, na yeye akaniaga kwa mgongo wangu, akaenda zake.

Nilikuwa wapi mimi, kila ilipokwama? Nilikuwa nimeshainuka. Nazima, nawasha, nafokea, simu sikioni, nampigia mtu kelele kwa ajili ya mama, na mama kakaa peke yake chumbani na mkono wa mtu uliosimama hewani.

Baada ya Magharibi nikaingia chumbani kwake. Mkoba wake ulikuwa umeshafungwa zipu, umewekwa juu ya kiti, tayari kwa kesho. Nikaketi kitandani pembeni yake. Yule mwanamke alikuwa anarudi kutoka sokoni na kikapu, anapita uchochoro mwembamba, na mara, kwa rehema za Mwenyezi Mungu na mtaa mzima wa Amerat uliokuwa umerudi kazini, video ikakwama. Nyuma yake palikuwa na baraza na mlango wa kijani.

Sikuinuka. Nikasema, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtoto anayeomba kitu dukani, "Hapo ni wapi, mama?"

"Hapo?" Mama akatazama. "Ah, hapo nshamhadithia wifi yako. Muulize yeye, atakwambia yote."

Papo hapo video ikarudi. Mwanamke akapita mlango wa kijani, akakata kona, akafika kwake, akatua kikapu. Mama akasogeza miwani. Ilikuwa inakwenda vizuri, safi, maji ya mfereji, kazi ya wifi yangu hiyo.

Nikainuka. Nikatoka, nikafika kwenye kabati la vitabu, nikainua mkono, nikachomoa. Taa za kijani zikazimika zote. Juu watoto wakapiga kelele, na mume wangu akauliza kulikoni. Nikarudi chumbani nikaketi pale pale nilipokuwa.

Mama alikuwa ananitazama. Hakutazama uso, alitazama mkono wangu. Nilikuwa nimejisahau, nimerudi na waya wenyewe, umening'inia.

"Umeichomoa?"

"Nimeichomoa."

Akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya tableti.  Kisha akanyoosha mkono akauchukua ule waya, akauweka upande wake wa kitanda, mbali nami.

"Basi kaa," akasema. "Na usinyanyuke. Na huyo kakako mpigie simu, mwambie kesho asije. Maneno ya mlango ule wa kijani marefu."